Kabila la Arobaini na Tatu

Nikiwa kijana nilifanya kibarua kule Mau Narok, kwa shamba la ngano la mzungu mmoja aliyekuwa na miguu mirefu kama korongo. Siku moja mchana nililala ndani ya ngano. Ngano iliyoiva ikipigwa na jua inashika joto kama blanketi, na mimi nilikuwa nimekunywa uji mwingi. Kombaini, ile mashine ya kuvuna, ikaja. Usingizini nilidhani ni mvua inakuja kutoka msituni. Nilipofungua macho niliona lile dude la mbele linalozunguka, linakata na kumeza.

Sikupiga kelele. Watu wanafikiri mwoga hupiga kelele, lakini si kweli. Mtu akiogopa sana anakuwa mti. Kombaini ilisimama hatua tatu kutoka miguu yangu, na si kwa sababu dereva aliniona. Alibanwa na mkojo. Alishuka, akafungua suruali, ndipo akaniona.

"We! Unafanya nini hapo?"

Nikamwambia, "Nimelala."

Hilo ndilo jibu lililotoka. Tangu siku hiyo mimi ni mtu mwoga, na sioni haya kusema. Mashine ikinguruma, mimi natafuta mlango. Niliacha shamba, nikajifunza kushona viatu, nikaoa mwanamke wa Ndabibi ambaye hakuwa wa kabila langu (ya makabila nitasema baadaye, au sitasema), na tukateremka Nakuru kutafuta maisha. Nilitafuta pahali pa kuweka kibao changu cha kazi ambapo hakuna kelele. Nikapata baraza la duka la fundi wa saa. Mashine yenye upole kuliko zote ni saa ya mkono. Nilikaa kwa lile baraza miaka kumi na tisa, na huyo fundi wa saa ndiye ninayetaka kueleza habari zake.

Watu walimwita pointi faivu. Hivyo ndivyo tunawaita hapa watu waliochanganya damu, kama huyu wetu, nusu Mhindi na nusu Mwafrika. Hawakumwita hivyo mbele yake, walingoja ageuke. Mimi nilimwita boss, na moyoni nilimwita Mwenye Kitabu. Mambo ya kuzaliwa kwake siyaingilii. Nilisikia hadithi tatu na zote tatu hazilingani.

Alikuwa mwembamba, nywele za kijivu zimelala nyuma, na ile lenzi ya kuangalia saa alikuwa anaisahau jichoni. Angetoka barazani kununua mahindi ya kuchoma nayo bado iko, na watoto wanakimbia. Kwa kazi yake hakupenda mtu aseme "kama saa kumi hivi." Angekuuliza, "Kumi na ngapi?" Msemo wake ulikuwa, "Karibu-karibu si saa." Lakini yeye mwenyewe hajawahi kufungua duka kwa wakati. Wateja wanangoja na saa zao zilizokufa, wanauliza, "Mzee, huyu fundi anakuja saa ngapi?" Nami nasema, "Karibu-karibu."

Hakukubali kushushiwa bei hata shilingi. Halafu mama mzee akija na saa ya marehemu mumewe, ataitengeneza bure na kuitilia mkanda mpya, na kumkaripia yule mama kwamba aliiacha ikaingia maji. Aliogopa mbwa. Alisema Mungu hayuko, na Jumapili nikimwona anatoka misa, ananiambia alienda kusikiza kinanda. Siku nyingine alivua viatu akaingia hekalu la Wasingasinga, akakaa chini akala chakula pamoja nao, akarudi anasema dengu zao zina chumvi kidogo. Kote aliingia, na kote alikaa karibu na mlango.

Sasa hicho kitabu.

Kilitumwa na binamu yake aliye Uingereza. Kilikuwa kikubwa kama biblia ya madhabahuni, jalada limetoka, kimefungwa kwa raba ya ndani ya baiskeli. Kilikuwa cha mchezo. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hivyo nitaeleza nilivyoona. Watu wanakaa kwa meza na kusema uongo kwa zamu. Kila mtu anachagua kuwa mtu mwingine, wa nchi ambayo haiko, na mwenye kitabu anawaambia wamefika wapi na nini kimetokea. Ukitaka kuruka shimo au kupigana na joka, unarusha kete. Kete yao kubwa ilikuwa na nyuso kumi na mbili, si sita kama ya ludo. Namba ikikataa, umeanguka shimoni, na watu wazima kabisa wanasikitika.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini yeye aliwasomea kwa Kiswahili. Walicheza Jumamosi baada ya kufunga duka, jua bado liko juu. Walikuja vijana wawili watatu, nao walibadilika, ila wawili hawakukosa. Mmoja ni Brayo, makanika wa magari, mdomo wake hauna breki. Wa pili ni Naomi, binti yangu, aliyekuwa akiuza dawa kwa kemisti. Mama yake alikuwa amefariki, na Naomi alikuwa amebaki mtoto wangu wa pekee na mtu wangu wa pekee. Aliingia kuniletea chakula siku moja, akasikia mambo ya joka, akakaa. Mimi nilikuwa nashona barazani, mlango wazi, nasikia kila kitu.

Mchezo ulianza kwa njia moja kila mara. Mwenye Kitabu alifungua raba, akamwangalia kila mtu kwa zamu, akauliza: "Wewe ni wa nani?" Ilibidi ujibu haraka: jina, kabila, na desturi moja ya kabila lako. Ukisitasita, unapoteza zamu. Alisema mtu asiyejua ni wa nani hawezi kuingia nchi ile, ataanguka mpakani.

Makabila ya kitabu yalikuwa mengi. Mimi nilishika mawili. Kulikuwa na Waoruni, watu wa mawe, wafupi, wakali, wanaozika maiti akiwa amesimama. Na Waselwe, watu wa mto, warefu, waimbaji. Waoruni wanahesabu mpaka kumi na mbili, hawana kumi ya kuishia, na Mwenye Kitabu aliwafundisha kutaja kete kwa lugha yao. Eni, dovu, karr, heth, olo, simru, vesh, nado, ruk, tamm, irro, gol. Unaona? Mimi ambaye sikucheza nazijua. Nilizisikia kila Jumamosi kama redio ya jirani.

Siku moja Naomi alisema anataka kuanza mtu mpya. "Baba yake ni Moruni, mama yake ni Mselwe."

Mwenye Kitabu hakuinua hata uso. "Hakuna."

"Hakuna aje?"

"Ukurasa wa arobaini na moja. Jiwe haliolewi na maji. Mtoto wao ni matope, hasimami. Kitabu hakina nusu."

"Lakini huu si ni mchezo tu?"

"Mchezo una sheria. Ukianza kubadilisha hapa, kesho Brayo ataleta bunduki."

"Bunduki naitaka," akasema Brayo. "Lakini boss, ngoja. Si wewe mwenyewe ni pointi faivu?"

Sindano yangu ilisimama ndani ya soli. Nilisikia saa zote za ukutani zikienda, kila moja na mwendo wake. Mwenye Kitabu alitoa lenzi jichoni, akaifuta kwa shati, akasema polepole, "Mimi siko kwa kitabu."

Naomi akachukua Moruni mzima. Jioni tukitembea kurudi nyumbani aliniuliza, "Baba, kwani mimi ni matope?" Nikamwambia wacha ujinga, huo ni mchezo wa wazungu. Lakini ilinichoma. Kwa watu wangu aliitwa mtoto wa yule mwanamke, na kwa watu wa mama yake aliitwa mtoto wa yule mwanamume. Hakuna aliyemkosea adabu. Walimwekea kiti tu, karibu na mlango.

Nilimlaumu Mwenye Kitabu kwa hayo, na bado nampenda. Siku nyingine nilimuuliza kwa nini anashikilia karatasi hivyo. Akasema, "Mzee, nje hapa kila mtu ananiambia mimi ni nani, na kila mtu ananiambia tofauti. Kwa kitabu angalau wanakubaliana." Halafu akaongeza, na hili alipenda kulisema: "Uongo ulionyooka unasimama. Ukweli uliotawanyika unaanguka."

Ukaja uchaguzi ule wa mwisho wa 2007. Mnajua. Mwanzoni moshi ulikuwa mbali, tukasema Nakuru itapona. Januari ikiwa karibu kuisha, ikatufikia. Sitataja makabila. Si kwa heshima, ni kwa uoga. Nimeona jina la kabila linavyoweza kutolewa mdomoni kama panga linavyotolewa kwa ala.

Siku ya Ijumaa mtaa wetu ulianza kuungua kutoka upande wa bomba la maji. Mimi na Naomi tulitoka na nguo tulizovaa. Kitambulisho changu nilikuwa nimekishonea ndani ya soli ya kiatu changu kibaya kuliko vyote, kwa sababu jina langu kwenye kile kitambulisho lingetosha. Cha Naomi tulikiacha kiungue. Tukakimbilia dukani. Mwenye Kitabu alitufungulia, akafunga, akaweka kabati la saa nyuma ya mlango.

Tulikaa humo siku mbili. Tulikula mkate mkavu. Yeye alisimamisha saa zote za ukutani moja moja, ili mlio usisikike nje. Nilimwona akishika pendulamu ya mwisho kwa vidole viwili kama anafunga macho ya maiti. Nje tulisikia filimbi, mbio, mabati yakigongwa. Mimi nilikuwa mti. Naomi alikaa chini ya meza ya mchezo amekumbatia magoti.

Asubuhi ya tatu Mwenye Kitabu akasema barabara hii itachomwa, amesikia wakiitana. Kuna mama mzee Mhindi, mteja wake, mtaa wa Milimani, ana ukuta mrefu na geti la chuma. Tutembee mchana, si usiku. Anayetembea usiku amejihukumu.

Na hapa ndipo uelewe shida yetu. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya pande zote mbili. Kimoja wanatafuta watu wangu, kingine wanatafuta watu wa marehemu mke wangu. Ukiwa mbali huwezi kujua kipi ni kipi, wote wana matairi yanayoungua na wote wana macho mekundu. Mimi nilikuwa na kosa kwa kizuizi kimoja. Binti yangu alikuwa na kosa kwa vyote viwili.

Kile tulichokutana nacho kilikuwa cha vijana kama ishirini, mawe na gogo limelazwa. Mbele yetu kulikuwa na mwanamume mwenye koti la suti. Walimuuliza kabila lake. Akajibu ukweli. Sitasema zaidi juu ya mwanamume yule, ila kwamba koti lake lilikuwa safi.

Mkubwa wao alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu, anatafuna muwa. Akatuonyesha na ule muwa.

"Nyinyi! Vitambulisho."

"Vimeungua na nyumba," Mwenye Kitabu akasema.

"Wewe Mhindi sijakuuliza. Mzee, wewe ni kabila gani?"

Nikawa tena mle ndani ya ngano. Nilimwona dereva wa kombaini akifungua suruali. Nilitaka kusema nimelala.

Na Naomi akasema. Sauti ilikuwa ya Jumamosi, ile ya haraka, ya mtu anayeogopa kupoteza zamu.

"Sisi ni Waoruni. Tunazika watu wakiwa wamesimama."

Baadaye aliniapia hakupanga. Alisema aliulizwa ni wa nani, na mdomo ukajibu ulivyozoea.

Vijana walitazamana. "Wao-nini?"

"Waoruni," Mwenye Kitabu akasema, shwari kama anasoma. "Watu wa mawe. Unapita Mau Narok, unateremka upande ule mwingine. Ni wachache."

"Usinibebe ufala, boss. Makabila ya Kenya ni arobaini na mbili. Nilikariri shuleni nikachapwa."

"Wakati wa kuhesabu hawa walikuwa juu kwa mapango. Hawashuki msimu wa baridi."

"Kwa hivyo ni la arobaini na tatu?" akauliza mwingine, na mmoja akacheka. Mwenye kofia hakucheka. Akamsogelea Naomi mpaka muwa ukamgusa kifuani.

"Hesabu mpaka kumi kwa lugha yenu. Upesi."

"Eni, dovu, karr, heth, olo, simru, vesh, nado, ruk, tamm, irro, gol."

"Nimesema kumi! Hiyo ni ngapi?"

"Kumi na mbili," Mwenye Kitabu akasema, na ninakuapia alikasirika kidogo, kama vile mtu amekosea dukani. "Waoruni hawaishii kumi. Kumi kwao ni kama wewe kuishia tisa."

Hapo ndipo nilipoona wanaanza kuamini. Hakuna mwongo anayebishana na mwenye panga kuhusu hesabu. Wakauliza wanakula nini, akasema uyoga na mbuzi. Wakauliza wanaoa aje, akasema bwana harusi anabeba jiwe la uzito wake mpaka mlangoni kwa bibi. "Wueh, hapo sitaoa," mmoja akasema. Mwingine akaniambia nivue kiatu. Nilivua kile kiatu, chenye kitambulisho ndani ya soli. Aliingiza mkono ndani, akakikunja, akakinusa, akanirushia. "Mzee, hii nayo uizike. Ikiwa imesimama."

Walicheka. Tulikuwa tumepita nusu. Halafu mwenye kofia akamgeukia Naomi tena.

"Wewe si mfupi kama huyu mzee. Mama yako ni wa wapi?"

Angesema Moruni. Kitabu kilisema hivyo, na mtu wake wa mchezo alikuwa hivyo, mzima. Lakini nilimwona akimwangalia Mwenye Kitabu, na akasema, "Mama yangu ni Mselwe. Wa mto."

Kicheko kikazima. "Kwa hivyo wewe ni nusu-nusu."

Siku zile hakukuwa na neno baya kuliko hilo. Nusu ni jasusi. Nusu analala na adui na anakula na adui. Wawili walisogea nyuma yetu. Mwenye kofia akamuuliza Mwenye Kitabu, na sasa aliuliza kwa upole, ambao ni mbaya zaidi: "Boss, wewe unawajua. Hao watu wa mawe wanakubali kuzaa na hao wengine?"

Nilimjua mtu yule miaka kumi na tisa. Niliona ukurasa wa arobaini na moja ukipita usoni mwake. Niliona mdomo ukianza kusema hapana.

"Wanakubali," akasema. "Mtoto ni wa wote wawili. Anapewa majina mawili, na anakaa katikati ya nyumba."

"Wewe umejuaje?"

"Mama yangu ni wa kwao. Huoni? Mimi ni pointi faivu."

Mwenye kofia alimwangalia rangi, nywele, pua. Akatema makapi ya muwa kando ya viatu vyetu. "Endeni, watu wa mawe. Msirudi hapa."

Tulitembea. Hatukukimbia, kwa sababu anayekimbia anaitwa. Tulipopinda kona ya kwanza ya Milimani, penye ua wa miti ya zambarau, Mwenye Kitabu alishika ukuta akatapika. Halafu akamgeukia Naomi, macho yamejaa maji, akaanza kumkaripia.

"Mselwe! Umetoa wapi Mselwe? Wewe ni Moruni mzima, tuliandika! Kama wangekuwa wamesoma? Ukurasa wa arobaini na moja, Naomi! Ungetuua!"

"Hawajasoma," Naomi akasema. "Hakuna mtu amesoma hicho kitabu isipokuwa wewe."

Yule mama Mhindi alitufungulia geti, akatupa chai na vitambaa vya kujifunika. Mwenye Kitabu alikaa siku moja akaondoka kuangalia duka. Brayo tulisikia alipelekwa kwao, yaani kwa watu wa kabila lake, ingawa kwao kulikuwa Nakuru, hakuwahi kulala mahali pengine. Sisi tukahamia kambini kwa waliochomewa nyumba, kwa hema jeupe, mimi na Naomi na maji yanayopita chini ya mkeka.

Naomi alikuwa anakula, anafua, anajibu. Lakini akisikia mwanamume akiuliza kitu kwa sauti ya juu, hata akiuliza bei ya nyanya, anashika ukuta wa hema. Usingizini alihesabu. Nilikuwa nalala nikiwa nimemwekea mkono mgongoni, kama wakati ana miezi sita, na nilikuwa naogopa kuliko nilivyoogopa kizuizini. Pale niliogopa kumpoteza mara moja. Hapa niliona anaenda kidogo kidogo.

Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza Mwenye Kitabu alipokuja. Alikuwa amekonda, lenzi haiko. Duka halikuchomwa, alisema, limeibiwa tu, saa zote. Alisema kwa furaha ya ajabu kwamba wezi hawatajua kamwe ni saa ngapi, kwa sababu alikuwa amezisimamisha. Alikuwa na kitabu ndani ya karatasi ya nailoni, na ile kete mfukoni. Alikaa juu ya jerikeni yetu. Nikaweka chai motoni.

"Nimefikiria," akamwambia Naomi. "Tucheze kidogo. Wewe na mimi tu. Utacheza na yule mtu wako uliyemtaka. Yule wa baba Moruni na mama Mselwe. Nitampa nafasi."

Naomi alitabasamu. Miezi mitatu sikuwa nimeona meno ya mtoto wangu. Alivuta ndoo, akaketi karibu naye, akapangusa mikono kwa leso. Mwenye Kitabu akafungua raba. Alifurahi, alikuwa kama mtu aliyerudi kazini. Akainua uso, akamwangalia machoni vile alivyozoea, na akauliza vile alivyozoea.

"Wewe ni wa nani?"

Uso wa Naomi ulipauka mpaka midomo ikawa ya majivu.

"Eni," akasema. "Dovu. Karr. Heth."

"Naomi," nikasema.

"Olo. Simru. Vesh. Nado. Ruk. Tamm. Irro. Gol." Akaanza tena. Eni. Mikono yake ilikuwa imefunika kifua, pale muwa ulipomgusa.

Nilimkumbatia kutoka nyuma. Alikuwa baridi na amekakamaa kama ubao, anahesabu kwenye mkono wangu. Mwenye Kitabu hakusogea. Alikuwa na kidole juu ya ukurasa. Niliona anaelewa, na sijui kama nilipaswa kumzuia asielewe: kwamba lile swali ni lake, ndiye aliyemfundisha Naomi kulijibu, kila Jumamosi, na kwamba wale wa barabarani waliliuliza hilo hilo.

"Mzee," akaniambia, "mimi sikuwa na maana..."

"Najua, boss."

"Ni mwanzo wa mchezo tu. Ndivyo kinavyosema."

"Najua. Kunywa chai."

Naomi alifika gol akaanza eni. Mwenye Kitabu alifunga kitabu, akakifunga raba, akakirudisha ndani ya nailoni. Alijaribu kumshika bega akauondoa mkono kabla haujafika. Akasimama, kichwa chake kikagusa turubai na maji yakamwagika nje.

"Nakuja," akasema.

Hapa kwetu mtu akitoka husema hivyo. Haimaanishi anakuja, inamaanisha anaenda kidogo na atarudi. Basi nilimmiminia chai kwa kikombe kile kizuri, nikakifunika kwa sahani. Kupitia mlango wa hema nilimwona akipita katikati ya mahema, kitabu kwapani, akikanyaga matope bila kuchagua. Mbwa wa kambi alimbwekea na hakugeuka. Akafika penye lori la maji, akapita upande wa pili wa lori, na sijamwona tena.